Makapu ya Barabara ya Kumi na Saba

Kipanga alipotokeza juu ya mapaa, kuku wote wa Barabara ya Kumi na Saba walikimbilia uvunguni mwa mabaraza. Walikwisha kumzoea, maana alikuja kila siku, tena hakuwa na kucha wala tumbo. Lakini kuku ni kuku. Kivuli kikipita ardhini, mguu haungoji akili.

Kipanga akashuka taratibu mbele ya nyumba ya Bi Mwantumu. Alikuwa mtambo wenye ukubwa wa sinia la pilau, mabawa yake manne yakivuma kama nyuki waliofungiwa mtungini, na chini yake alikuwa na mkono mmoja mwembamba wa vidole vitatu. Ukutani kando ya mlango palikuwa na kulabu, na kwenye kulabu lilining'inia kapu la mkonge. Mkono ukanyooka, ukashika kapu kwenye mshikio, ukalinyanyua polepole kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni akiwa amelala. Kipanga akayumba kidogo, kisha akajiweka sawa, akapaa, akageukia upande wa kituoni na kupotea.

"Haya, nenda salama," Bi Mwantumu alimwambia. "Na kesho pitia upande wa pili, unaniharibia kuku."

Zaituni Mhina aliyaona hayo akiwa dirishani kwa shangazi yake, nyumba ya jirani, akipiga mswaki. Kila asubuhi aliyatazama, na kila asubuhi alijisikia kama mtu anayemwona mwanawe akienda shule. Yeye alikuwa fundi wa mitambo kituoni, na katika kazi ile kulikuwa na sehemu iliyotoka mikononi mwake.

Tanga ya miaka hiyo ilikuwa imepiga hatua ndefu. Treni ya sumaku ilikwenda Arusha na kurudi kabla chai haijapoa, roboti walipaka nyumba chokaa, na mgonjwa alipimwa damu bila kuchomwa sindano. Lakini kitu kimoja kiliwashinda wote, nacho ni mfuko wa nailoni. Ulipigwa marufuku enzi za mababu, ukarudi kwa jina jingine. Ukapigwa marufuku tena, ukarudi umebadili rangi. Mtu akinunua nyanya, mfuko. Akinunua dagaa, mfuko, na wa pili wa kuushika ule wa kwanza usivuje. Mfuko ulifanya kazi kutoka dukani hadi jikoni, basi, kisha ukaenda kukaa mtaroni mpaka aliyeutupa akazikwa, na wajukuu zake wakazeeka wakiuona.

Wahandisi walikaa, wakaumiza vichwa, wakafikia jambo moja. Watu hawaupendi mfuko, wanapenda wepesi wake. Mtu hutoka nyumbani kwenda msibani, njiani akakumbuka vitunguu, na kapu hakubeba. Ukimgombeza humsaidii. Umletee kapu pale alipo, na likimaliza kazi ulichukue mwenyewe.

Ndipo likazaliwa kapurejea. Lilifumwa na roboti mfumaji kwa mkonge wa mashamba ya nje ya mji, na katikati ya msuko wake ulipitishwa uzihisi, uzi mwembamba kuliko unywele, unaojua kapu liko wapi na limebeba nini. Dukani ulipewa kapurejea bila kulipa. Ukifika nyumbani unatoa vitu vyako, unalitundika kwenye kulabu, na uzihisi unamwita kipanga. Kapu linafika kituoni, linaoshwa kwa mvuke, na jioni liko dukani likimngoja mwingine.

Kituoni aliyeyapokea makapu aliitwa Mkaguzi. Alikuwa mashine ndefu yenye mikono mingi, na kila kiganja kina jicho. Zaituni ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha neno moja jepesi: kapu tupu ni safi, lipite likaoshwe, kapu lenye kitu chochote ndani ni chafu, liende kinuni. Maana katika miji ya majaribio watu walikuwa wakitia humo nepi za watoto na matumbo ya samaki. Kinu kilisaga kapu pamoja na kilichomo, ikatoka mbolea, na kapu lile likahesabiwa kuwa halikurudi. Zaituni alimfundisha Mkaguzi jambo hilo kabla ya chakula cha mchana, akaenda kula, wala hakulifikiria tena.

Jumatatu hiyo alipofika kazini, Injinia Kaniki alikuwa amesimama mbele ya ramani kubwa ya mji, mikono nyuma. Kaniki ndiye mkuu wa kituo, mtu wa Singida, mpole, ambaye hata akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Leo ilikuwa chini kabisa.

"Zaituni, hebu tazama kwenu."

Ramani ilikuwa ya kijani mji mzima. Ngamiani peke yake ilikuwa nyekundu kama jicho lililoingia pilipili.

"Watu wako hawarudishi makapu," Kaniki alisema. "Nusu ya makapu yako majumbani mwao, yametulia tu. Nusu nyingine Mkaguzi anasema ni machafu. Ijumaa wakubwa wa mradi wanakuja. Wakikuta hali ni hii hii, vipanga wanahamishiwa mji mwingine, na wenye maduka wa Ngamiani wanarudishiwa nailoni. Wameshaiomba."

Zaituni aliisogelea ramani. Yeye ndiye aliyeomba Ngamiani iwe ya kwanza. Wenzake walitaka waanzie mitaa ya maghorofa, akawaambia, anzieni kwetu, kwetu watu wana adabu na vyombo.

Tena alikuwa na lake moyoni. Alipokuwa mtoto, shangazi yake alikuwa na mbuzi jike aliyeitwa Hadija wa Pili, kwa sababu Hadija wa kwanza alikuwa wifi yake na walikuwa hawapatani. Mbuzi yule aliacha kula. Tumbo limejaa, amekonda. Akafa. Alipopasuliwa lilitoka donge la nailoni kubwa kama tikiti, mifuko mingine bado imefungwa mafundo, mingine ikinuka vitunguu. Zaituni alikuwa amesimama hapo na nyasi mkononi alizomletea. Tangu siku hiyo, akiuona mfuko umekwama kwenye ua, hupita akautoa, hata kama amevaa nguo za arusi.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia Kaniki. "Nitakwenda kuongea nao mwenyewe."

Alianzia kwa Bi Mwantumu. Bibi huyu alikuwa kwenye mkeka barazani, anapepeta mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu, mheshimiwa," Bi Mwantumu alijibu bila kuinua uso.

Zaituni alicheka, akidhani ni utani. Bi Mwantumu ndiye aliyemwogesha na kumlisha mwaka ule mama yake alipougua. Amemwita majina mengi, hata kigego, yaani mtoto wa mkosi, lakini mheshimiwa hajawahi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini?"

"Sikuja kuchukua, nimekuja kuuliza. Makapu, bibi. Kule kituoni yanaonekana hayarudi."

Ungo ukasimama.

"Hayarudi?"

"Hayarudi."

"Na yangu?"

"Ya mtaa mzima. Yanayofika vizuri ni machache mno."

Bi Mwantumu alimtazama kwa kitambo, kama anayetafuta kitu usoni mwake na kukikosa. Kisha ungo ukaanza tena.

"Basi kama hayakufika, hayakufika. Dunia ina mengi. Una lingine, mheshimiwa?"

Zaituni akaaga. Akavuka barabara, akaingia kwa Mama Sheiza, mama kijana aliyefiwa na mume, anayeishi na wanawe wawili katika chumba na ukumbi. Jikoni kwake Zaituni aliyaona makapu kwa macho yake. Hayakutupwa, hayakuchanika. Yalikuwa yameoshwa, yameanikwa, yamepachikwa moja ndani ya jingine kama sahani za wageni.

"Mama Sheiza, mbona huyatundiki nje?"

"Nitayatundika."

"Lini?"

"Kuku wangu akitaga."

"Mwenzangu, mimi nakuuliza la maana."

"Na mimi nakujibu la maana." Mama Sheiza alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Tena hata nikichelewa, sidhani kama kuna mtu anahisi. Au wapo?"

Nyumba zote alizoingia ilikuwa vile vile. Alikaribishwa, aliwekewa kiti, hakuna aliyemkosea neno, lakini kila kiti kilikuwa cha baridi. Alirudi kwa shangazi yake kula mchana.

"Shangazi, watu wa mtaa huu wamekuwaje?"

Shangazi Mwajabu alikuwa anampakulia ugali. "Wamekuwaje?"

"Wananisemesha kama mgeni. Nimewakosea nini?"

"Mtu hujui ulichokosa?" Shangazi alimsukumia bakuli la mchuzi. "Kula, mwanangu. Mengine mtu mzima hasemeshwi, hujisemesha mwenyewe."

Jumanne, jua likiwa limeshapanda, Mkaguzi akaita. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu asiyewahi kuwa na haraka.

"Kinu kimekwama. Kuna kitu kigumu."

Zaituni akazima umeme wa kinu, akavaa glavu, akafungua kifuniko. Hakuna mtu aliyewahi kukifungua tangu kilipowekwa pale, kwa kuwa kinu kile kilijisafisha chenyewe. Alijiandaa kupokea harufu ya taka, akaziba pua kwa mkono wa nguo yake.

Harufu iliyotoka ikamfanya aushushe mkono. Ilikuwa iliki. Iliki, na ndimu, na samli, na mdalasini kwa mbali. Ilikuwa harufu ya jikoni mkesha wa Idi.

Katikati ya meno ya kinu kulikuwa na kijungu cha udongo, kizima, mdomo umefungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na achari. Chini yake kulikuwa na kapu lililokwisha kusagwa nusu, na katika nusu iliyobaki, mabumunda ya unga yaliyoviringishwa kwenye jani la mgomba.

Alisimama pale kama aliyeitwa jina na mtu asiyemwona. Halafu akageuka kwenye foleni ya makapu machafu yaliyokuwa yakingoja zamu ya kusagwa, mengine tangu wiki iliyopita. Akafungua la kwanza: mkate wa kumimina, umekatwa robo. La pili: rihani na asumini, vimefungwa kwa uzi. La tatu: viazi vitamu vilivyooshwa. La nne lilikuwa na mayai yamelazwa kwenye majani makavu. La tano alidhani ni tupu mpaka alipoona kikaratasi chini kabisa. Alikifungua. Chumvi, kiasi cha kiganja.

Taka haikuwemo hata chembe.

Kaniki alimkuta amekaa sakafuni, makapu yamemzunguka kama muuza sokoni.

"Ni nini hiki, Zaituni?"

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu, injinia."

Kaniki alivua miwani. Alichutama, akaokota yai moja, akaliweka kwenye mwanga kama anayetaka kuona kifaranga. "Hata kwetu," alisema baadaye. "Mama akirudisha bakuli la jirani, asipokuwa na kitu atatia hata karanga. Anaweza akakaa na bakuli wiki nzima akizitafuta hizo karanga. Lakini jamani, hii ni mashine!"

"Wanajua ni mashine. Wanajua pia kwamba mashine haijajizaa."

"Sasa walikuwa wanampelekea nani?"

Zaituni alitaka kujibu kwamba hajui. Mkono wake ulikuwa umeshika bumunda, naye bila kufikiri akalimega, akatia kipande mdomoni. Halikuwa na sukari. Mtaani pale kila mtu hutia sukari kwenye mabumunda. Bi Mwantumu peke yake ndiye aliyejua kuyapika bila sukari, na aliyapika hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja tu ambaye meno yalimsumbua.

"Mimi," akasema. "Walikuwa wananipelekea mimi."

Vipi hakulijua hilo? Katika kituo kizima walimjua nani mwingine? Walimwona anatoka asubuhi, anarudi jioni, na waliona makapu yao yakiruka kwenda aliko. Wakasema, mtoto wetu yuko kule, anapokea. Wakatia humo walichokuwa nacho. Wakangoja aseme neno, akapita barabarani akawaamkia, akawauliza hali, akaingia ndani. Leo alipita, kesho alipita. Hata asante ya mbali hakuitoa. Na siku alipobisha hodi, alikuja kudai makapu.

Alitazama kinu. Hakujaribu kukisia ni mangapi yaliyokwisha kupita humo.

Alasiri wanawake walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Mwantumu kama kawaida yao, wengine wanachambua mboga, mwingine anasukwa. Shangazi Mwajabu alikuwepo pia, lakini pembeni, mbali na mwenyeji. Zaituni alifika na kile kijungu mikononi. Hakungoja kiti. Alikaa chini kwenye mkeka, kando ya miguu yao.

"Nimekuja kusema asante," alisema. "Na nimekuja kusema kwamba sikula."

Mikono yote ikatulia.

"Hukula nini?" Bi Mwantumu aliuliza.

"Chochote. Hata kimoja, bibi. Sikuviona. Niliifundisha ile mashine kwamba kapu lenye kitu ni kapu chafu. Nayo imekuwa ikisaga vyote, kapu na kilichomo. Leo tu kijungu hiki kimekwama, ndipo nikafungua nikaona."

"Imesaga?" Mama Sheiza alisema. "Na mayai?"

"Na mayai."

"Ya kuku wangu wa kwanza yote nilitia humo. Watoto wanayataka, nawaambia ngojeni, haya ni ya anti yenu." Aliangalia vidole vya miguu yake. "Yalipokwisha nikatia chumvi. Halafu nikaona aibu ya chumvi, nikaacha kutundika mpaka kuku atage tena."

Zaituni aliushika mkono wake, na Mama Sheiza akauacha ushikwe.

"Mimi nilikuwa nakutilia kachori," Shangazi Mwajabu alisema taratibu, kanga mdomoni. "Jioni unarudi unaniambia shangazi nina njaa. Nikasema huyu anawagawia wenzake. Nikazidisha kachori."

"Na hivyo vilivyosagwa hupelekwa wapi?" Bi Mwantumu aliuliza.

"Huwa mbolea, bibi. Hupelekwa kwenye mashamba ya mkonge."

"Mkonge unaofumiwa makapu?"

"Ndio huo."

Bi Mwantumu alifikiri. "Ndiyo maana makapu ya siku hizi yamenenepa."

Aliyekuwa akisukwa alicheka kwanza, akavutwa nywele, akapiga kelele, wakacheka wote. Bi Mwantumu naye alicheka mpaka akajifuta macho, na alipomaliza kucheka aliendelea kujifuta.

"Nilikununia, Zaituni," alisema. "Nikasema mtoto nimemwogesha kwa mikono hii, leo amepata kazi ya vioo, hata asante ya bumunda anaona nzito. Na shangazi yako nikamnunia. Umri wote huu tumekaa, nikampitia mlangoni bila kumwita, kwa ajili ya kinu."

"Ni kosa langu, bibi."

"Ni kosa lako," Bi Mwantumu alikubali. "Sasa sema, Ijumaa kuna nini? Maana sura hiyo si ya mabumunda tu."

Akawaeleza habari ya wakubwa wa mradi na ya nailoni. "Nitamfundisha upya Mkaguzi asisage. Lakini hata nikipokea vyote, nitavila na nani? Vitaoza pale. Labda," alisita, "labda mngeyaleta matupu tu. Hakuna atakayewacheka."

Walimtazama kama aliyewaambia watoke barabarani bila kanga.

"Hilo hatuwezi," Shangazi alisema.

"Hata kama nailoni itarudi?"

Mama Sheiza ndiye aliyejibu. "Unajua kwa nini watu waliupenda ule mfuko? Haukudai kitu. Unaupokea, unautupa, hakuna mtu upande wa pili anayekungoja. Hili kapu lenu limetoka kwa watu na linarudi kwa watu. Nitalitoaje tupu?"

Mbele ya Zaituni kulikuwa na bakuli la mboga lililokuwa likipita kutoka mkono hadi mkono. Kila mmoja akichambua fungu lake anamsogezea wa pili. Alilitazama likizunguka mara moja, na mara ya pili.

"Na kama halirudi kwangu?" alisema. "Kapu likiwa safi, lina haja gani ya kuja kituoni? Uzihisi unaweza kujua kama limechafuka. Likichafuka ndio lije lioshwe. Likiwa safi, liende moja kwa moja kwa mtu wa mtaa huu huu anayetaka kwenda dukani. Na kilichomo ni chake."

"Nani atalipata?"

"Atakayelihitaji. Hamtajua ni nani."

Minong'ono ikapita barazani. Mama Sheiza akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtu asipokuwa na kitu?"

"Likija kwako litakuja na kitu. Mega nusu, nusu iache iendelee."

"Nusu inatosha," alisema Bi Mwantumu, na jambo likawa limepita.

Jumatano na Alhamisi Zaituni alikuwa kituoni akimfundisha Mkaguzi kusahau. Kuifundisha mashine neno jipya si kazi. Kazi ni kuiondolea la zamani, maana lilikuwa limeota mizizi katika kila mkono. Kaniki alimzunguka na wasiwasi wake. Vipanga watabeba uzito huo? Chakula kikiharibika njiani? Zaituni aliwapa vipanga ruhusa ya kukataa kapu zito, na akaufundisha uzihisi kunusa kilichochacha.

"Wakubwa watasema nini wakiona mayai yanaruka?" Kaniki aliuliza.

"Tutawaambia kuku siku hizi wanataga juu."

Ijumaa wakubwa wakaja, watatu, wakaketi mbele ya ramani. Ngamiani ilikuwa nyekundu. Wakanywa chai, ikabaki nyekundu. Mmoja akaanza kuangalia saa yake. Zaituni alisimama nyuma yao, akiwaza labda wanawake wameona haya, labda Bi Mwantumu amebadili shauri.

Watu walipotoka msikitini, nukta moja ya kijani ikawaka Barabara ya Kumi na Saba. Ikafuata ya pili. Halafu zikawaka kama mtama kwenye kikaango, barabara kwa barabara, na zote zikapaa. Makapu yaliyokuwa yamepangwa majikoni yalikuwa yametundikwa nje kwa mara moja.

"Lakini hayaji huku," alisema mkubwa mmoja. "Yanapishana tu juu ya nyumba."

"Hayana haja ya kuja," Kaniki alimjibu. "Yanaendelea na kazi."

"Na hili hapa lina nini ndani?"

Kaniki akasoma uzihisi. "Mayai."

"Ya dukani?"

"Hapana, mzee. Ya jirani."

Walinong'onezana kwa muda mrefu. Mwishowe walisema hawajawahi kuona mradi wa namna hii, na kwamba hawana hakika kama wanaupenda, lakini nyekundu hawaioni tena. Vipanga watabaki mpaka vuli ipite, kisha wataangalia upya. Maombi ya nailoni yawekwe pembeni. Haikuwa ahadi kubwa, lakini mvua ya vuli ndiyo inayoziba mitaro, na mwaka huo ingekuta mitaro mitupu.

Jumapili Zaituni alikuwa nyumbani peke yake, Shangazi amekwenda kwa Bi Mwantumu kurudisha mazungumzo yote waliyokuwa hawajazungumza. Alitaka kwenda dukani. Kipanga akashuka, akatundika kapu kwenye kulabu yake. Ndani mlikuwa na visheti kwenye kitambaa, bado vya moto. Hakujua ni vya nani. Alikula nusu akiwa amesimama pale pale mlangoni.

Akaenda dukani, akarudi, akatoa vitu vyake. Angeweza kuiacha ile nusu ya visheti iendelee na safari, sheria aliitunga mwenyewe. Lakini aliona haitoshi. Aliyekaa na deni la asante kwa miezi mingi hawezi kuanza kulilipa kwa chakula cha mwingine. Akaingia jikoni kwa shangazi yake, yeye ambaye tangu azaliwe hajui hata samli inakaa wapi, akakoroga unga wa mchele kwa kukisia kwa macho, akaweka kikaango motoni. Moshi ulitoka mpaka barabarani. Alitundika kapu, kipanga akalichukua, akapaa.

Muda mfupi baadaye sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, kubwa, ya kusikika hadi Barabara ya Kumi na Nane.

"Nani huyu aliyeniletea vitumbua vya mkaa?"

Milango ikafunguka. Zaituni alitoka barazani, uso umejaa unga.

"Ni mimi, bibi!"

"Nilijua. Upande mmoja vimeungua, upande mmoja vibichi. Nazi umetia?"

"Nimesahau, bibi."

"Umesahau nazi!" Bi Mwantumu aliwageukia watu waliokuwa wakicheka milangoni, kitumbua kimoja kimemegwa mkononi mwake, na kwa jinsi shavu lake lilivyokwenda, alikuwa anatafuna. "Mnamsikia? Mashine anazifundisha kazi, vitumbua vinamshinda. Njoo hapa, mwanangu, nikuonyeshe."

"Nije na nini, bibi? Nilete unga?"

"Uniletee unga, kwani wewe jirani?" Bi Mwantumu alisema. "Njoo na mikono mitupu."

Zaituni akajifuta mikono, akavuka.